Msitu, shamba, bahari: albamu tatu za Jethro Tull njia ya Amani

Juzi nimeshuka kutoka Amani, kule milimani Usambara, asubuhi mapema, ukungu bado umelala juu ya miti, gari halina redio, nikavaa hedifoni nikajisemea leo nazisikiliza zote tatu kwa mpangilio mpaka Tanga mjini na siruki wimbo hata mmoja. Songs from the Wood, Heavy Horses, alafu Stormwatch, zote za Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza. Ukizijumlisha ni masaa mawili na dakika kidogo, na kwa kona za ile barabara, ukiongeza kusubiri kosta ijae pale Muheza, muda unatosha na unabaki.

Nimekuwa nikiulizwa sana, we unayependa roki ya progresivu, katika zile albamu zinazokuja tatu tatu unachukua zipi? Wengi watakwambia za bendi ya Gong, yani Flying Teapot na Angel's Egg za 1973 na You ya 1974, hadithi moja ndefu ya mtu anaitwa Zero na sayari yao na viumbe wadogo wa kijani wanaosafiri kwenye birika la chai. You ni nzuri sana, gitaa la Steve Hillage mle linapaa kwelikweli, ila hadithi yenyewe haijawahi kunishika.

Za bendi ya King Crimson ndo zilinipa kazi kuamua. Discipline 1981, Beat 1982, Three of a Perfect Pair 1984, jalada jekundu, la bluu, la njano. Robert Fripp na Adrian Belew wanapiga magitaa mawili yaliyosukwa kama ukili, na kuna mahali kwenye wimbo wao Frame by Frame wote wanaanza pamoja kwa hesabu ya saba, alafu mmoja anadondosha noti moja, mwenzake anapiga noti 14 yeye anapiga 13, basi wanaachana taratibu, wanazidi kuachana, unasikia kama mwangwi, mpaka wanakuja kukutana tena. Wachambuzi wanasema hiyo wameitoa kwenye gamelani, muziki wa vyombo vya shaba wa Indonesia, na ni kweli, lakini mtoto wa Tanga akisikia vile anakumbuka dansi. Sikiliza Atomic Jazz au Jamhuri Jazz za hapa hapa kwetu, gitaa la solo linaenda na lake, sekandi solo anajibu, rizimu anajaza mashimo, na ukimtoa mmoja wimbo unabaki na pengo. Hakuna gitaa linalojitosheleza. Kwa hiyo ile King Crimson ya miaka ya 80 haikuniingia kama kitu kigeni hata kidogo, niliielewa kwa mwili kabla ya kuielewa kwa akili.

Lakini zangu ni zile za Jethro Tull, na sababu ni hii njia.

Mjomba wangu alikuwa baharia, miaka ya 80 alirudi nyumbani Ngamiani na begi la kaseti alizorekodi kwa mabaharia wenzake, na humo zilikuwemo mbili za Jethro Tull. Ya kwanza upande A Songs from the Wood, upande B Heavy Horses. Ya pili upande A Stormwatch, upande B taarabu ya Black Star. Nimekua nazisikia hizo kaseti kabla sijajua Kiingereza cha kutosha kujua wanaimba nini, nilichojua ni kwamba kuna mtu anapuliza filimbi kama amekasirika.

Huyo ni Ian Anderson. Na jina la bendi si lake wala la mwenzake, Jethro Tull alikuwa mkulima wa Uingereza aliyebuni mashine ya kupandia mbegu mwaka 1701, farasi anavuta, mbegu zinaingia kwenye mistari. Bendi yenye jina la mkulima, na ilichukua miaka mingi ndo wakaanza kuimba habari za mashamba kisawasawa.

Songs from the Wood ilitoka 1977. Inaanza na sauti za watu tu, zimepandana, hakuna chombo, alafu vyombo vinaingia kimoja kimoja, na mimi pale gari ndo linaanza kona za kwanza, miti imefunga juu kote, maji yanatiririka pembeni ya barabara. Kuna wimbo mle, Jack-in-the-Green, Anderson kapiga kila chombo peke yake, unahusu kijitu cha msituni kinacholinda majani wakati wa baridi, na anakiuliza kama mabarabara makubwa na nyaya za umeme vitatutenganisha nacho. Sisi tunasema msitu una wenyewe. Bibi yangu wa Muheza alikuwa hakati hata fito bila kuomba ruhusa, anasimama, anasema maneno yake kwa sauti ya chini, ndo anakata. Kwa hiyo wimbo huo niliposoma maneno yake mara ya kwanza sikuona ajabu yoyote, nilimuona bibi. Na mwishoni Anderson anasema majani yanaota kupitia nyufa za lami. Nenda ile barabara ya Amani uangalie, pale ilipopasuka kuna majani kweli, marefu, yananesa gari likipita.

Muheza tukahamia kosta. Machungwa dirishani, madafu, mama mmoja na kuku wake kwenye kikapu miguuni kwangu, na mimi nikaweka Heavy Horses.

Hii ni ya 1978 na kwangu ndo moyo wa zote tatu. Wimbo wenye jina la albamu una karibu dakika tisa, unahusu farasi wakubwa wa kulimia, wale wenye kwato kama sahani, anawataja kwa koo zao, Suffolk, Clydesdale, Percheron, Shire, anawaaga kwa sababu matrekta yameshachukua kazi. Unaanza polepole kwa kinanda kama msibani, katikati unakurupuka unakimbia, na violini ya Darryl Way inachana juu yake, huyo si mwanabendi, alikuwa wa Curved Air, kaalikwa tu lakini bila yeye wimbo usingekuwa vile. Na kuna maneno ambayo nayarudia kila mara, anawaambia farasi kwamba iko siku matajiri wa mafuta watakaukiwa, na siku hiyo watu watarudi kuwapigia magoti.

Ukitoka Muheza kuja Tanga unaona mkonge. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, sehemu nyingine imetunzwa, nyingine vichaka vimeshaingia na milingoti imejiotea ovyo. Mkonge uliletwa huku 1893, miche 62 tu ndo iliyofika hai, na kutoka kwenye hiyo miche 62 likatoka zao lililojenga bandari, reli, na karibu kila familia ninayoijua. Babu yangu alifanya kazi kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, alikuwa analisha majani mashine, na mpaka anakufa mikono yake ilikuwa na makovu meupe ya miba na ile juisi yake inayowasha. Alafu dunia ikahamia kwenye kamba za plastiki, bei ikaanguka, korona zikazimwa moja baada ya nyingine, watu waliotoka mbali kuja kuwa manamba wakabaki hapahapa bila kazi na bila nauli. Hakuna aliyewaimbia wimbo wa dakika tisa. Mimi nikisikia Anderson anawaita wale farasi kwa majina namsikia babu anavyotaja majina ya wenzake wa korona, jioni, kwenye kiti chake cha kamba, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao walishatangulia.

Albamu inafungwa na Weathercock, anamuuliza yule jogoo wa bati wa juu ya paa upepo unakuja wa namna gani. Ukimaliza hapo ukaingia Stormwatch unapata jibu, dhoruba. Ndo maana nasema hizi zisikilizwe kwa mpangilio. Bendi yenyewe sijui kama ilikaa ikapanga zitakuwa tatu, mashabiki ndo tumeziita hivyo, lakini pale mwisho wa ya pili na mwanzo wa ya tatu pameshonwa.

Stormwatch ilitoka Septemba 1979, jalada lina Anderson kashika darubini na ndani ya vioo vyake kuna radi. Wimbo wa kwanza ni North Sea Oil, mafuta ya baharini kwao kule, haraka haraka, filimbi inaruka kama cheche. Na mimi hapo niko Pongwe naelekea Kange, stendi ya Tanga, na kaskazini mwa mji kuna Chongoleani, ambako bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda linakuja kuishia baharini. Wapo majirani zangu waliopata kazi kwenye bomba, wanajenga nyumba, nawafurahia kwa moyo wote. Na wapo wavuvi wa pale Deep Sea, ufukweni Tanga, wanaoniuliza samaki itakuwaje. Wote wawili nawaelewa, na wimbo wa 1979 wa bendi ya Uingereza unanikumbusha wote wawili.

Dun Ringill nayo ni ya magofu ya ngome ya kale kisiwani Skye, Scotland, juu ya maji, wimbo wa dakika tatu hivi, gitaa na minong'ono. Nausikilizaga Tongoni, kwenye magofu ya pwani kusini mwa mji, maji yakiwa yamejaa, kati ya makaburi yenye minara. Nendeni mjaribu.

Sasa mpiga besi wao John Glascock. Wakati wanarekodi alikuwa mgonjwa wa moyo, besi nyingi mle kapiga Anderson mwenyewe, Glascock yuko kwenye nyimbo tatu tu, ya mwisho ikiwa Elegy, haina maneno, katunga Palmer wa kinanda. Novemba 17 mwaka huohuo Glascock akafariki, ana miaka 28.

Na hiyo Elegy sisi hatukuwahi kuisikia yote. Kaseti ya dakika 90 kila upande 45, albamu imezidi kidogo, kwa hiyo kwenye kaseti ya mjomba utepe unaisha noti ziko hewani, tak, kimya. Miaka yote nilidhani wimbo umetungwa hivyo, umekatika kama maisha ya mtu.

Nilishuka Kange nikachukua bodaboda mpaka kwa mjomba, barabara ya 12. Shikamoo mjomba. Marahaba mjomba, umeshuka leo? Amekaa barazani, macho hayaoni vizuri siku hizi. Nikampa hedifoni, nikamuwekea Elegy kutoka mwanzo, sikumwambia kitu. Akawa anatikisa kichwa taratibu, mkono uko kwenye goti unafuata besi. Wimbo ulipofika pale ambapo kaseti inakatika akainua kidole juu, kama mtu anayesubiri ile tak.

Haikuja. Kidole kikabaki juu mpaka mwisho.