Dumuzi anataka gunzi, kwa hiyo mnyime

Mahindi yakianza kumwaga unga kihengeni, wengi hukimbilia duka la pembejeo. Dawa ina kazi yake, lakini ukiinyunyiza juu ya mahindi ambayo bado yako kwenye magunzi, dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa punje, yuko ndani na hata haigusi.

Wengine humwita Scania, Kenya wengi humwita Osama. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4, kahawia iliyokoza, na nyuma amekatika wima kama kijiti kilichokatwa kwa kisu. Ukimtazama kwa juu hukioni kichwa, kimefichwa na kifua. Fukusi, mdudu mwingine wa mahindi ghalani, ana pua ndefu. Usiwachanganye, nitaeleza kwa nini. Asili ya dumuzi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Afrika alitambuliwa kwanza Tabora, mwaka 1981, na huko baadhi ya vihenge vilipoteza hadi 34% ya uzito wa mahindi katika miezi 3 hadi 6.

Ukoo wake ni wa watoboa mbao. Ili atoboe lazima apate pa kujikita, na punje iliyoshikamana kwenye gunzi haisogei. Iliyopukuchuliwa inamponyoka. Jike hutaga kwenye vijitundu vya pembeni mwa njia aliyotoboa, na kukiwa na joto la nyuzi 32 na unyevu wa hewa wa 80%, yai huwa mdudu kamili kwa siku 25 hadi 27 hivi.

Tena, harufu ya mahindi haimvuti sana kutoka mbali. Dume akishapata chakula ndiye anayetoa harufu ya kuwaita wenzake, majike kwa madume. Ndiyo maana kihenge kimoja huliwa chote na cha jirani kikabaki salama msimu huohuo. Hao wachache wa kwanza ndio wa kuzuia: choma mabaki ya mwaka jana, chemsha au anika juani magunia ya zamani, kagua nguzo za mbao. Mtego wenye harufu hiyo ya dume tundika mbali na ghala. Ukiuweka mlangoni unawakaribisha.

Pukuchua mara mahindi yanapokauka. Kupima ukavu, chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa vizuri, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi 15%, rudisha juani. Isipoganda, bado anika siku moja au mbili zaidi, maana lengo ni chini ya 13.5%.

Dawa ya vumbi chagua yenye viambato viwili, kwa mfano pirimifosi-methili 1.6% na permethrini 0.3%. Cha kwanza humuua fukusi lakini dumuzi hukistahimili. Cha pili humuua dumuzi, fukusi akapona kwa urahisi zaidi. Ukitumia kimoja unabaki na mdudu mmoja. Tanzania kipimo kilichozoeleka ni gramu 100 kwa kilo 100, ila kibandiko cha pakiti ndicho cha kufuata. Changanya juu ya turubai kwa koleo mpaka kila punje ipate vumbi, siku ileile ya kupukuchua. Ukichelewa, mabuu yatakuwa ndani ya punje na vumbi haliyafikii.

Mifuko isiyopitisha hewa haihitaji dawa. Jaza kidogo kidogo ukitikisa, kamua hewa yote, sokota mdomo wa mfuko wa ndani, ukunje, ufunge kwa kamba, kisha fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa pili unaouzunguka. Wadudu humaliza oksijeni wenyewe wakafa. Ukifungua kila wiki kuchota mahindi ya unga wa nyumbani, unawapa pumzi; tenga mfuko mdogo wa matumizi. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, hasa mfuko ukifungwa mahindi yakiwa tayari yana wadudu wengi. Kabla ya kuutumia tena, upulize hewa na usikilize inapotokea. Wenye tundu usiutumie kuhifadhia mahindi tena.