Siku moja maishani mwangu: mwalimu asiye na darasa, Kisenyi, Kampala

Saa 11 na nusu alfajiri. Adhana inateremka kutoka msikiti mkuu wa Old Kampala, na kitanda cha deka kinatikisika: jirani yangu wa chini ameamka. Chumba hiki cha Kisenyi tunalala sita, shilingi 4,000 kwa usiku. Nina deni la jana. Mfukoni nina 1,200.

Jerikeni ya maji ni 400, nachanga na jirani, kila mtu anaoga nusu. Nusu jerikeni inatosha ukianza na kichwa.

Saa 12 na nusu natoka. Shati jeupe na suruali ya usaili viko ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, nimevaa fulana ya kawaida. Wasiokaa hapa hawaelewi. Kisenyi ina mashine za kusaga mahindi kila kona, na unga unaruka mpaka barabarani. Ukipita na suruali nyeusi, utafika kwa mwajiri kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga wa posho. Nilijifunza hilo kwa kukosa kazi moja.

Saa 2 niko shule ya binafsi upande wa Rubaga, nimebadilisha nguo chooni kwenye kituo cha mafuta. Mwalimu mkuu ni mama mpole. Anasoma CV yangu, kurasa zote mbili, kisha anasema, "Mwalimu, Kiswahili chako ni kizuri. Lakini wazazi wangu wanalipia PLE."

Namwelewa. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina karatasi nne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, mimi nilijinunulia soda, nikainywa polepole kama bwana harusi. Mzazi anayehesabu alama za mtoto hana habari na soda yangu. Mama ananirudishia CV. Nashukuru kwa dhati, maana kuchapisha ukurasa mmoja ni shilingi 500.

Saa 4 nimesharudi kwenye fulana, niko Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Hapa ndipo ninapopata cha kula. Uchochoro umebana, maboksi yanapita vichwani mwa watu, na kila baada ya duka tatu utasikia Kiswahili cha Kongo. Wafanyabiashara wanakuja kununua jumla, wengi hawana Luganda, na vijana wa maduka Kiswahili chao kinaishia "karibu". Katikati hapo nasimama mimi.

Leo nimempata mama wa Bunia, ana mkoba umefungwa kiunoni chini ya kitenge. Biskuti, sabuni, madaftari. Kijana wa duka anasema katoni 24 za sabuni zimetimia. Mama ananigeukia: "Mwalimu, uhesabu tena. Hawa batu banajua kukimbiza hesabu."

Nahesabu kwa kuzigusa moja moja. Ziko 22. Kijana anacheka, anasema alichanganya na mzigo wa mtu mwingine, analeta mbili. Huenda ni kweli. Mama hacheki. Anataka kila kitu kiandikwe, bei na idadi, na karatasi niliyo nayo ni moja tu, CV. Nageuza ukurasa wa kwanza, napiga mistari, naorodhesha mzigo wote kwa mwandiko wa ubaoni. Anaikunja mara nne, anaitia kwenye mkoba, ananipa 10,000.

Anapopotea kwenye umati ndipo nakumbuka: jina langu, shahada yangu na namba yangu ya simu vimeondoka kwenda Bunia. Huko nako kuna shule.

Saa 7, kikomando cha 1,500. Chapati imekatwakatwa, maharage juu, mchuzi wa bure ukiomba vizuri.

Mchana wote mvua. Hakuna mteja.

Saa 1 jioni Hajati, mwenye nyumba, amekaa mlangoni na daftari lake. "Mwalimu, ya jana?" Nampa 8,000, ya jana na ya leo. Analamba kidole, anafuta deni, ananiuliza kama nimekula. Hajauliza hivyo tangu Jumatatu.

Saa 3 usiku jirani wa chini anarudi. Anabeba magunia kwenye mashine, kope zake ni nyeupe kama za mzee wa miaka mia. Anataka ahamie Kikuubo, kwa hiyo namfundisha namba. Ndiyo, namfundisha mshindani wangu, lakini ananilipa kwa chai na ndiye mwanafunzi pekee niliye naye. Tunaandika nyuma ya ukurasa wa pili wa CV, ule wenye majina ya wadhamini. Kila anaposhika karatasi anaacha alama ya kidole cha unga.

Saa 4 Hajati anazima taa, kwenye umeme hana masihara. Gizani bado namsikia jirani akihesabu kwa sauti ya chini. Anatoka kumi na tano, anaruka moja kwa moja kwenye kumi na saba. Nagonga ubao wa kitanda. Anaanza tena, moja.