Nilivyoacha kupiga kelele darasani

Mwaka wangu wa kwanza na darasa la tatu, kila ikifika Jumatano sauti imekauka. Watoto 48, mimi peke yangu. "Nyamazeni!" Wananyamaza. Nikigeukia ubao wanaanza tena, nami napandisha sauti. Kumbe walikuwa wamekwisha kunisoma: "nyamazeni" ya kwanza na ya pili si za kweli, ya kweli ni ile ya tatu, inayokuja na kofi la meza.

Nikajaribu nyota. Karatasi ukutani, majina yote, kila tendo jema nyota moja. Wiki mbili zilikuwa za raha. Ya tatu, binti mmoja akaokota penseli ya mwenzake. Badala ya kumrudishia, aliinyanyua juu mpaka nikamwona. "Mwalimu, nimeokota. Nyota yangu?" Mwenye penseli alikuwa pembeni yake, anaitafuta chini ya dawati.

Baadaye nilisoma utafiti wa mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wa mwaka 1973. Watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa zawadi wakichora. Siku walipoachiwa wachague wenyewe la kufanya, walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Nikaibandua karatasi. Walinung'unika siku mbili, basi.

Aliyenifumbua macho zaidi ni Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kazi aliyoitoa mwaka 1970. Alilinganisha madarasa tulivu na yale ya vurugu, akakuta kuwa namna ya mwalimu kukaripia siyo iliyoyatofautisha. Tofauti ilikuwa kwenye yale yanayotangulia: mwalimu anayejua kila pembe kuna nini, na somo lisilokwama njiani. Kwa wiki moja nikaandika kila ugomvi ulizuka wakati gani. Karibu wote ulizuka nikigawa madaftari, au nikihangaika kutoka somo moja kwenda jingine. Yaani niliwaacha bila la kufanya, kisha nikawagombeza kwa kutafuta la kufanya!

Basi madaftari yakawa yanawasubiri mezani, na swali moja liko ubaoni kabla hawajaingia. Kuingia kwenyewe tulikufanyia mazoezi kama wimbo: toka, ingia, toka tena. Siku ya kwanza mara nne. Mwalimu mwenzangu aliyepita aliniuliza kama niko salama.

Anayesumbua nikawa namfuata alipo, nainama, namnong'oneza. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, maana ukali wa mbele ya watu una utamu wake kwa mwalimu, tusidanganyane. Na sifa nikazitaja kwa kitendo: "Umemngoja amalize kusema," badala ya lile "mtoto mzuri" ambalo halimwambii mtoto alichofanya.

Bado nakosea. Muhula uliopita kipande cha chaki kilinipita sikioni, nikamwinua kijana ambaye jina lake lilikuwa mdomoni mwangu kila siku. Akakana. Nikamsimamisha. Wenzake ndio walioniambia, kwa woga, kwamba si yeye. Zamani ningesema "haya, tuendelee." Safari hii niliiweka chaki chini, nikasimama mbele yake, mkono kifuani. "Nimekukosea. Sikuuliza, nikahukumu. Nisamehe." Darasa lilinyamaza kuliko siku zote nilizowahi kulinyamazisha. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu," akaketi.

Siku chache baadaye nilikuwa nasahihisha, kichwa chini, nikasikia kikombe kimeanguka nyuma. Maji yalikuwa yamemwagika kwenye daftari la mtu. Nikajiandaa kuinuka. Kabla sijasogeza kiti nikamwona aliyemwaga amesimama, mkono kifuani, sauti nzito ya kuigiza yangu: "Nimekukosea. Sikuangalia."

Mwenye daftari akalikung'uta. "Haya," akasema. "Lete kitambaa."