Nilivyomchagulia mjomba vepu ya kwanza ili aachane na sigara

Mjomba wangu alianza kuvuta sigara kabla sijazaliwa, na hakuna mtu kwenye ukoo ambaye hajawahi kumpa hotuba. Mimi sikutaka kuongeza nyingine. Nilichofanya ni kumtafutia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, na kazi yenyewe ilichukua muda, maana kila niliyemuuliza alianza kunisifia chombo kabla hajaniuliza anayekwenda kukitumia ni mvutaji wa namna gani.

Niseme mapema kwamba hatukukimbilia vepu. Daktari alianza kwa kumpa mabandiko ya nikotini, ngozi ikamwasha mpaka akayabandua. Akapewa chingamu ya nikotini, akaitafuna mfululizo kama chingamu ya dukani, akaishia kupata kwikwi na kiungulia. Kumbe ile hutafunwa kidogo tu mpaka ukali utoke, kisha huegeshwa kati ya shavu na ufizi ili nikotini ipenye taratibu kupitia kinywa. Alipokuja kuelezwa hayo, alikwisha kuichukia. Vidonge vya kupunguza hamu ya sigara, kama vareniklini, alivikataa kabla hata havijaandikwa. "Mikono yangu inataka kitu cha kushika, mjomba," aliniambia. Hapo ndipo vepu ikaingia kwenye mazungumzo. Ambaye bandiko limemkubali sioni kwa nini ahangaike na habari hizi zote.

Shangazi, yaani mkewe, alipinga. Alikuwa amesikia habari za watu waliolazwa Marekani mwaka 2019 mapafu yakiwa yameharibika. Habari zenyewe ni za kweli: hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 2,800, na 68 kati yao walifariki. Ila uchunguzi ulielekeza kidole zaidi kwenye mafuta ya bangi yaliyouzwa kichochoroni, yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E, na si kwenye vimiminika vya kawaida vya nikotini. Nilimweleza hivyo, naye akanirudishia swali lililonisaidia kuliko ushauri wote niliopewa: "Na wewe una uhakika gani na kilichomo kwenye hivyo vichupa?" Tangu siku hiyo tukakubaliana kwamba hakiingii nyumbani kichupa kisicho na lakiri, wala kisichoandikwa viambato vyake na kiasi cha nikotini.

Mjomba mwenyewe alitaka kujua jambo moja tu, kama anabadilisha sumu kwa sumu. Nilimwambia ninavyoelewa. Kinachoua wavutaji wengi ni kule kuungua kwa tumbaku: lami, kaboni monoksaidi na kemikali nyingine lukuki zinazozaliwa na moto. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kamba, na moyo huudundisha, lakini si chanzo kikuu cha saratani. Vepu haiunguzi kitu. Ina betri inayopasha moto koili, yaani kijiwaya kilichosokotwa, koili inageuza kimiminika kuwa mvuke, mtu anavuta mvuke. Hiyo haina maana kwamba ni salama. Aliyeibuni ile ya kisasa ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, naye alikuwa mvutaji, kwa hiyo hakuna binadamu aliyekwisha kuitumia kwa miaka 40 tukamwona alivyo.

Nikampa na takwimu za utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2019, wavutaji 886 waliotaka kuacha. Baada ya mwaka, waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara kwa asilimia 18, na waliopewa mabandiko, chingamu na mfano wake asilimia 9.9. Kila kundi lilikuwa na mtu wa kuwashauri ana kwa ana. Akacheka: "Yaani hata hao wa vepu, wengi wameshindwa?" Ndiyo, wengi walishindwa. Tena katika waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Sikutaka aje kuyajua hayo mbele ya safari akadhani nilimficha. Nilimwambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani haliiweki vepu kwenye orodha ya tiba zake za kuacha tumbaku, ilhali huduma ya afya ya Uingereza inawashauri wavutaji watu wazima waijaribu. Akaamua kujaribu.

Basi kabla ya kuangalia kifaa chochote, nilikaa nikamwangalia anavyovuta. Nadhani hii ndiyo sehemu wanayoiruka wengi. Sigara ya kwanza aliiwasha kabla hajanawa uso. Madaktari huuliza hasa hilo, kwa sababu anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke huwa amefungwa barabara na nikotini. Halafu nikatazama mdomo wake. Aliibana sigara, mashavu yakaingia ndani, moshi ukakaa kinywani kidogo, ndipo akaushusha kifuani. Hakuwa mtu wa kupuliza mawingu. Akiwa kazini alivuta pafu mbili tatu za nguvu, akakizima kipisi, akakichomeka nyuma ya sikio kwa ajili ya baadaye. Mtu wa hivyo anataka nikotini nyingi kwenye pafu chache, na anataka kifaa kinachobana hewa kama kichungi cha sigara kinavyobana.

Nilipofika dukani nikiwa na picha hiyo kichwani, maneno ya muuzaji hayakunipeleka mbali. Alinitolea kwanza chombo chenye skrini ya rangi, kizito kama nyundo, koili yake ya omu 0.2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; ikiwa ndogo, mvuke unakuwa mwingi), na matundu ya hewa ya kupitisha kidole. Hivyo ni vya kuvutwa moja kwa moja hadi kifuani, vinakula kimiminika kingi na vinatoa wingu la kujaza chumba. Vina watu wake. Mjomba hasomi maandishi madogo bila miwani, na menyu ya wati na joto angeichukia kuliko ile chingamu. Nikaomba kisicho na kitufe hata kimoja, kinachojiwasha mtu anapovuta, chenye koili ya omu 1 au karibu na hapo na kidude cha kusogeza pembeni ili kubana au kuachia hewa. Muuzaji alinitolea shingo upande.

Vile vya kutumia na kutupa tulivizungumzia pia, kwa sababu havina kujaza wala kubadilisha kitu. Nilivikataa. Betri nzima inakwenda jalalani kila kimiminika kinapoisha, jambo lililochangia Uingereza kupiga marufuku uuzaji wake kuanzia Juni 1, 2025. Na kwa anayetaka kushuka polepole, vinakubana: unachukua kiwango cha nikotini ulichokikuta. Tukachukua kifaa cha podi inayojazwa. Podi ni kile kitangi kidogo cha plastiki chenye mdomo, kinachochomekwa juu ya betri. Hii ilikuwa na ukuta wa kuonyesha kimiminika kimebaki kiasi gani. Kisha nikanunua kifaa cha pili, kile kile. Shangazi aliona ni israfu. Kwa maoni yangu ndicho kilichotuokoa, maana betri ikizimika saa mbaya na arosto ikapanda, mtu hatangoji chaja. Ataomba sigara kwa jirani.

Kimiminika kina hesabu yake. Msingi wake ni propilini glikoli na gliserini. Ya kwanza ni nyepesi na hukwaruza koo kidogo, ya pili ni nzito na ndiyo inayotengeneza mawingu. Kwa podi ndogo ni nusu kwa nusu. Ukiweka chenye gliserini asilimia 70, utambi wa pamba ulio ndani ya koili hauwahi kulowa, na pafu linakuja na ladha ya kitu kilichoungua, ambayo ukiionja mara moja hutaisahau. Upande wa nguvu, tulichukua miligramu 20 kwa mililita, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya, na tukachukua yenye chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyotiwa asidi ili iwe laini kooni, kwa kuwa nikotini ya kawaida kwa kiwango hicho ingemkwangua koo. Ndugu wengi walishangaa. Walitaka aanze na ndogo, eti kwa kumhurumia. Mvutaji wa aina yake ukimwanzisha na ndogo atavuta vepu mchana kutwa, hatatosheka, na sigara atarudia jioni. Ladha alichagua ya tumbaku, akasema haifanani na tumbaku hata chembe, akahamia minti. Hiyo haikutusumbua.

Kujaza kulikuwa na somo lake. Unakinyanyua kwa ukucha kizibo cha mpira pembeni mwa podi, unaingiza ncha ya chupa, unaminya taratibu huku viputo vikipanda. Ukifika kwenye mstari unasimama, unabana kizibo, unafuta. Kisha unasubiri. Koili mpya inataka kama dakika 10 ili pamba inywe kimiminika mpaka ndani. Ukivuta kabla, umeiunguza na hairekebishiki. "Sigara hainisubirishi, mjomba," alilalamika, mkono ameukunjua ananidai kifaa. Nikakitia mfukoni mwangu mpaka muda ukafika.

Pafu la kwanza alilivuta kwa nguvu na haraka kama alivyozoea, matone yakamrukia ulimini, akakohoa mpaka machozi. Vepu inavutwa polepole, sekunde tatu nne, koili ipate nafasi ya kufanya kazi. Akajaribu tena kwa utulivu, akanyamaza, akavuta jingine. "Inagusa," akasema, "ila haifiki." Lalamiko hilo lina ukweli wake. Sigara huifikisha nikotini ubongoni ndani ya sekunde chache, na vifaa vingi vya mvuke hupanda taratibu zaidi. Nilimshauri asitafute pafu moja la kulingana na lile la sigara. Avute machache, aweke chini dakika kadhaa, arudie mpaka kiu itulie. Kikohozi kilikuja siku za mwanzo kikapungua.

Kwa muda alichanganya, sigara na vepu. Nilimruhusu, ila nikimkumbusha kwamba sigara chache bado ni sigara: moyo na mishipa haipati nafuu kwa kupunguza tu. Zile za mchana ziliondoka zenyewe. Ya alfajiri ilikatalia. Tulichofanya ni kukiondoa kiberiti chumbani, na mahali pake kikawekwa kifaa kilichojazwa na kuchajiwa tangu jioni. Alikuwa akinyoosha mkono gizani akakutana nacho. Siku moja shangazi ndiye aliyenipigia kunieleza kwamba pakiti imekaa kabatini haijaguswa, naye hataki kuitaja mbele yake asije akaikumbuka.

Kuna kitu hakuna aliyetuonya. Baada ya kuacha alianza kutetemeka mikono na kukosa usingizi, akaishutumu vepu. Sababu ilikuwa kahawa. Moshi wa sigara, si nikotini, huchochea ini kuiondoa kafeini mwilini upesi. Moshi ukikoma, kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Akakata kahawa nusu, akatulia. Ini hufanya hivyo hivyo kwa baadhi ya dawa, kama theofilini ya pumu na klozapini ya magonjwa ya akili, kwa hiyo anayezitumia amwambie daktari wake kabla ya kuacha sigara, kipimo cha dawa kisije kikamzidi.

Vichupa tunavifungia kabatini kwa ufunguo, kwa sababu wajukuu wanafika pale nyumbani, na nikotini ikinywewa ni sumu kwa mtoto. Kifaa kinachajiwa mezani mtu akiwa macho, hakilazwi chini ya mto. Na alipotaka kusafiri, nilimwambia aulize kwanza sheria za aendako: Singapore, Thailand na India zimepiga marufuku, na kwingine kuna masharti yake. Ndani ya ndege hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokwenda chini, kwa ajili ya betri.

Sasa yuko kwenye miligramu 10. Aliwahi kushuka hadi 5, akaanza kusimama karibu karibu na wavutaji pale kazini, akarudi 10 mwenyewe bila kuulizwa, na mimi nikaona amefanya sawa. Kijana mmoja wa hapo kazini, asiyevuta chochote, alimwomba aonje, mjomba akakitia kifaa mfukoni na kuendelea na kazi yake. Shangazi anataka tarehe ya kuachana na hicho nacho. Mjomba anamwambia kichupa cha 5 bado kipo kabatini, na ufunguo anao yeye shangazi.