Kumbukumbu ya mradi: kusafisha majina ya mafaili ya kalenda ya zamani

Hali ya folda kabla ya kuguswa: .vcs (muundo wa kalenda wa zamani, toleo la 1.0) na .ics (uliofuata, toleo la 2.0) zimechanganyika, mengine yanaitwa KALEND~1.ICS, na humohumo wamo MKUTANO.ics na mkutano.ics. Linux inayaona hayo mawili kuwa mafaili tofauti. Ukiyahamishia Windows, moja linaweza kufuta jingine. Zile ~1 ni mabaki ya kanuni ya DOS: herufi nane, nukta, kisha tatu. Jina refu likishakatwa hivyo na nakala ikabaki na jina fupi tu, halirudi kwa kubahatisha. Ndiyo maana jina jipya linachotwa ndani ya faili lenyewe, na la zamani halitegemewi kwa lolote.

Muundo uliochaguliwa: 2009-03-14_kikao-cha-bodi_7f3a.ics. Mwaka unatangulia ili mafaili yajipange kwa mfuatano. Herufi zote ndogo, bila nafasi, bila \ / : * ? " < > |. Zile nne za mwisho (7f3a) ni mwanzo wa SHA-1 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi) ya UID, yaani kitambulisho cha pekee cha tukio, kutenganisha vikao viwili vya siku moja vyenye kichwa kimoja.

Kazi ngumu ni kuipata tarehe. Skripti inayochukua DTSTART (mstari wa tarehe ya kuanza) ya kwanza itakupa rundo la mafaili ya 1970 au 1601, kwa sababu sehemu ya VTIMEZONE, inayoeleza saa za eneo, nayo ina DTSTART zake, na kwa kawaida hukaa juu ya tukio. Soma iliyo kati ya BEGIN:VEVENT na END:VEVENT tu, yaani ndani ya tukio lenyewe. Halafu tazama herufi Z mwishoni: 20090314T220000Z ni saa za UTC (saa rasmi za kimataifa), kwa hiyo mahali palipo saa tatu mbele ya UTC tukio ni la tarehe 15.

Kabla ya kusoma UID au SUMMARY (kichwa cha tukio), unganisha mistari iliyokunjwa. Mstari unaoanza na nafasi moja ni mwendelezo wa uliotangulia; ukiusahau, UID ndefu inakatika na alama ya SHA-1 inatoka tofauti.

Kugeuza .vcs kuwa .ics kwa kubadilisha kiendelezi peke yake ni kujidanganya. Ndani bado imeandikwa VERSION:1.0, na vichwa vyenye herufi zisizo za kawaida viko katika QUOTED-PRINTABLE, usimbaji unaoandika herufi kama namba, kwa mfano =C3=A9 badala ya é. Hizi zimebakizwa .vcs hadi zigeuzwe kwa programu inayoelewa matoleo yote mawili.

Utekelezaji: nakala rudufu kwanza, kisha skripti inaandika jedwali la jina la zamani na jipya bila kugusa chochote. Jedwali likishakaguliwa, ndipo mv -n (amri ya Linux ya kubadilisha majina) inatumika. Hiyo haifuti faili lililopo. Rudia ukaguzi kwa majina yaliyobaki mahali pake, maana mv -n inaweza kuruka faili kimyakimya.

Kilichobaki: .vcs zisizo na UID. Kwa hizo SHA-1 itapigwa kwenye maudhui yote ya faili.