Deki ilivyokuwa inadanganywa na mkanda wa VHS

Kama umewahi kuunganisha deki mbili ili ukopi filamu ya VHS basi unajua kilichotokea, mkanda orijino unaonyesha safi kabisa kwenye TV lakini kopi inatoka giza, ghafla inang'aa, inafifia tena, saa ingine rangi zinapotea au picha inapinda kule juu. Wengi tulidhani deki mbovu au waya umelegea. Kumbe deki ilikuwa nzima, tena inafanya kazi yake vizuri mno, na hapo ndo walipoikamatia.

Mtego wenyewe unaitwa Macrovision, aliubuni John Ryan, ukaanza kutumika kwenye filamu katikati ya miaka ya 80. Mkanda haujafungwa na chochote, hakuna namba ya siri wala nini, picha yote iko wazi. Walichofanya ni kuchezea sehemu usiyoiona. Picha ya TV inachorwa mstari kwa mstari, 525 kwa mfumo wa TV wa NTSC na 625 kwa ule wa PAL, ila sio yote inaonekana, kuna michache kati ya picha moja na inayofuata inayoachwa tupu ili mwali unaochora picha kwenye kioo upate muda wa kurudi juu kuanza upya. Sasa humo kwenye upenyo ndo wakapachika mapigo ya umeme ya uongo.

Deki inaporekodi ina saketi inayopima nguvu ya signali na kuirekebisha yenyewe, ikija dhaifu inaipandisha, ikija kali inaishusha. Inajuaje? Inaangalia mapigo yanayopanga mistari na kiwango cha weusi kinachofuata hapo hapo. Basi Macrovision inaweka pigo feki, na pale deki inapotegemea kukuta weusi inakuta weupe mkali kupita kiasi, inashtuka, inaona hii signali kali sana, inapunguza picha nzima. Halafu huo weupe haukai sawa, unapanda na kushuka taratibu, ndo maana kopi inafifia na kung'aa. TV yenyewe haishtuki kwa sababu saketi yake haifuatilii mapigo hayo kwa namna ile, na deki inayocheza tu mkanda nayo haina shida, saketi hiyo iko upande wa kurekodi.

Kabla yake, miaka ya 70, kulikuwa na Copyguard, hii ilidhoofisha mapigo yanayoshikilia picha isipande na kushuka, sasa TV nyingine zikawa zinashindwa kushika hata orijino. Yaani umenunua halali na bado picha inabingirika 😅

Kinachonichekesha kwenye Macrovision ni kwamba inamnasa mwenye mashine nzuri tu. Deki ya kizamani isiyo na saketi hiyo inakopi bila wasiwasi. Ndo maana Marekani kwenye sheria yao ya hakimiliki, DMCA ya 1998, wakaweka kifungu kinacholazimisha deki mpya za VHS ziwe na saketi inayodanganyika, yaani sheria inakuamuru utengeneze mashine yenye udhaifu maalum! Ila kifungu hicho hicho kikakataza kuweka mtego kwenye matangazo ya bure ya TV, hapo niwape haki yao.

DVD nazo zikairithi, pleya ndo inayoongeza mapigo kwenye waya unaotoka. Ndo maana ukipitishia DVD kwenye deki kwenda TV, signali inapita kwenye saketi ile ile ya kurekodi na picha inafifia na kung'aa hata kama hurekodi chochote.

Na bado inasumbua, maana vifaa vingi vya USB vya kuingizia video kwenye kompyuta vinatafuta mapigo hayo na vikiyaona vinagoma. Shida ni kwamba mkanda uliochakaa una makelele kwenye ile mistari ya juu, kifaa kinayasoma kama Macrovision, kinakukatalia harusi ya shangazi uliyorekodi mwenyewe. Ikikutokea usitupe mkanda, tafuta TBC (time base corrector, kifaa cha kunyoosha signali ya video) uipitishe signali humo kwanza, inaitengeneza upya ile mistari na mara nyingi kifaa cha USB kinatulia.