Mradi wa kitunguu: sukari, glisarini na spiriti mbele ya utando mmoja

Chumvi nimemalizana nayo, sasa nimehamia kwenye vitu vitatu vipya. Kwa anayeanzia hapa: navunja tabaka la kitunguu maji chekundu na kubandua ile ngozi nyembamba ya zambarau ya upande wa nje. Nakata kipande kidogo kwa wembe, nakilaza kwenye slaidi juu ya kitone cha maji, nafunika kwa kioo chembamba na kuangalia kwa ukuzaji wa mara 100. Seli zimepangana, ndefundefu, kila moja imejaa rangi hadi ukutani. Ukidondosha maji ya chumvi ukingoni mwa kioo na kuyavuta kwa tishu upande wa pili, rangi huanza kubanduka kwenye kona za seli, halafu hujikusanya katikati huku ikizidi kukolea. Ukuta unabaki palepale. Maji yametoka, rangi imezuiwa.

Tahadhari kwa wanaotazama picha zangu: utando wenyewe, yaani ile ngozi laini inayozunguka seli kwa ndani ya ukuta wake, haumo. Unene wake ni nanomita 7 au 8 hivi, na mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 na zaidi, kwa hiyo hadubini ya aina hii haiwezi kuuonyesha hata ukibadilisha lenzi. Unachokiona ni mpaka wa rangi, na rangi imo ndani ya vakuoli, yaani mfuko wa majimaji ulio ndani ya seli, ambayo nayo ina utando wake. Ninaposema kitu "kimeingia", kimevuka tando mbili.

Kwamba ni utando unaofanya kazi, wala si ukuta, nilijiridhisha kwa maji ya moto. Ngozi iliyochovywa humo inaachia rangi ovyo, na ukiiwekea chumvi hakuna kinachosinyaa. Kuta zote zipo, nzima kabisa. Kilichoharibika ni kile kinachobagua.

Maandalizi

Nilitaka majimaji matatu yenye idadi sawa ya molekuli katika ujazo uleule, ili tofauti itakayotokea isitokane na ukali wa mchanganyiko. Kwa kila mililita 100: sukari ya mezani gramu 34, glisarini ya duka la dawa gramu 9.2, na spiriti ya ethanoli ya asilimia 70, mililita 8. Kila kimoja kinaongezwa maji hadi kufika 100. Ukitumia vipimo sawa vya gramu utadanganyika, maana molekuli moja ya sukari hii ina uzito unaokaribia mara nne ya ule wa glisarini.

Kingo za kioo nilizipaka mafuta ya mgando kuzunguka pande zote. Bila hivyo maji yanakauka, mchanganyiko unakolea wenyewe, na jaribio la saa nyingi linakuwa halina maana.

Matokeo

Sukari: seli zikasinyaa ndani ya dakika chache, zikabaki hivyo hivyo. Jioni bado zilikuwa zimesinyaa.

Spiriti: hakuna kitu. Nilikodoa macho kwenye kona za seli, rangi haikubanduka hata kidogo. Si kwamba spiriti imeshindwa kuvuta maji. Inaingia upesi mno kiasi kwamba nje na ndani vinalingana kabla maji hayajapata sababu ya kuondoka.

Glisarini ndiyo iliyonipa raha. Mwanzoni seli zilisinyaa kama kwenye sukari, ungeweza kubadilishana picha na mtu asitambue. Halafu, polepole, rangi ikaanza kunenepa tena. Kufikia jioni seli nyingi zilikuwa zimejaa, na sikuwa nimeongeza hata tone la maji safi. Glisarini yenyewe ilikuwa inapenya taratibu, na kila ilipoingia maji yaliifuata.

Ndiyo maana sipendi vitabu vinavyouita utando "chujio". Chujio hujali ukubwa tu. Mwanasayansi Ernest Overton, aliyekuwa Zürich, Uswisi, miaka ya 1890, alijaribu mamia ya kemikali kwenye seli hai na kugundua kwamba vinavyoyeyuka vizuri kwenye mafuta ndivyo vinavyoingia haraka; akasema mpaka wa seli lazima uwe na asili ya mafuta. Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, watafiti Gorter na Grendel walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo kama mara mbili ya uso wa chembe zenyewe. Utando ni tabaka mbili za mafuta, basi.

Sasa, maji na mafuta hayapatani, mbona maji ndiyo yanayokimbia kuliko vyote kwenye slaidi yangu? Kiasi fulani hupenya katikati ya mafuta, lakini njia kuu ni mifereji ya protini. Mwanasayansi wa Marekani Peter Agre na wenzake walionyesha hilo mwaka 1992 kwa mayai ya chura: yai lililowezeshwa kutengeneza protini hiyo lilivimba na kupasuka lilipowekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, na lisilo nayo likakaa kimya. Nobel ya kemia ikamfikia 2003. Mifereji hiyo haisukumi chochote, inafungua njia tu; upande wa maji kwenda unaamuliwa na ukali wa vilivyoyeyuka nje na ndani.

Kinachofuata

Yurea, ile ya mbolea, gramu 6 kwa mililita 100, ili molekuli zilingane na hizo nyingine. Nimeshanunua robo kilo duka la pembejeo. Mimea haifanani kwa hili: ipo inayopitisha yurea upesi kuliko glisarini, na ipo iliyo kinyume chake. Nitaweka slaidi mbili sambamba, ngozi ya tabaka lilelile, na simu itapiga picha kila baada ya dakika kumi.